Tapi ya Ngazi Inanuka Mukojo, na Imbwa Yangu Ndiyo Inafukuzwa

Admin, naomba ufiche jina langu, na mtaa wetu usiutaje, maana hapa mjini Baraka nyumba za etaji, za ghorofa, si nyingi, watu watatujua mara moja. Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, ninasoma humanité, yaani sekondari. Kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili ninaweza kuandika kurasa nzima, lakini kusema mbele ya watu ninashindwa. Mwalimu akiniita jina tu, jasho linanitoka. Ndiyo sababu ninaandika hapa. Jambo lenyewe linachukiza, munisamehe kama muko munakula.

Papa anafanya biashara Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, na ndiye aliyejenga nyumba yetu. Ngazi za ndani aliziweka carreaux, vigae vinavyong'aa. Koko, mama yake papa, anayelala huko juu, aliteleza akaumia kiuno. Tangu hapo hakuna kitu anachoogopa kama zile ngazi. Papa akasema tutaweka tapi, zulia la kufunika ngazi zote. Nilienda naye sokoni kuichagua, na muuzaji akamuuliza: "Papa, kwako kuko imbwa ao paka?"

"Biko byote."

"Basi beba hii ya manyoya mafupi, ya rangi ya giza. Imefumwa nguvu, makucha haiwezi kuivuta. Mukojo unapanguza tu."

Papa alicheka sana. "Hii iko ya bureau ya territoire, ofisi ya serikali! Mi niko na nyumba, siko na bureau." Akachukua nyeupe, ya manyoya marefu kama kondoo. Mimi niliona muuzaji anasema kweli. Nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Sijui kama munaweza kuwaza ile tapi ilivyo leo. Paka anapandisha vichwa vya samaki, ndakala, anavitafunia palepale, na mafuta yanagandia kwenye manyoya. Makucha ya Bobi, imbwa yetu, yamevuta nyuzi mpaka zinaning'inia, na nywele zake zimejisokota humo. Juu ya yote, mukojo. Si mahali pamoja: ngazi kwa ngazi, toka juu mpaka chini. Mama anasugua na sabuni ya unga, nami ninasugua, lakini mvua ikinyesha harufu inarudi mpaka unaisikia kwenye bugali. Asubuhi ninakaa pale kuvaa viatu. Siku moja darasani msichana wa nyuma yangu alisema kwa sauti, "Ee! Leo nani amebeba choo kwenye mfuko?" Wote wakacheka. Ilikuwa sketi yangu.

Nyumbani kila mtu anasema ni Bobi. Papa anamshika shingo, anamsukumia pua kwenye ule unyevu, kisha teke. Koko akiwa pale juu anachekelea: "Mupige! Imbwa muchafu ile, haina hata haya!"

Sasa wiki iliyopita papa alimfunga Bobi inje toka asubuhi. Nilipotoka masomoni mama alikuwa bado sokoni. Nikamkuta koko anashuka. Tangu aanguke hashuki kwa miguu: anakaa, anajivuta kwa makalio, anapumzika, anajivuta tena. Nikapanda kumsaidia. Nikaweka mkono kwenye tapi nyuma yake, nikasikia maji. Ya moto. Kikwembe chake kilikuwa kimelowana, na kilikuwa kinaburuza ule mukojo ngazi kwa ngazi.

"Angalia, imbwa imepita hapo," koko alisema, bila kunitazama.

"Koko, Bobi iko amefungwa inje."

Akaushika ule mkono wangu uliolowana. "Muke mwenzangu," ndivyo ananiita kwa mchezo tangu nikiwa mdogo, "choo iko mbali huko chini, na hizi eskaliye zinaniogopesha. Inatoka yenyewe. Usiambie baba yako. Imbwa bakiitukana haisikie haya. Mi nitasikia."

Nilinawa mpaka ngozi ikaniuma. Jioni alinimegea bugali kwa mkono wake kama siku zote, nikaiacha pembeni ya sahani. Mukojo wenyewe ningeuvumilia, yeye ni mzee. Kinachonitapisha ni kwamba papa aliporudi akakanyaga pale na soksi, koko ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Ni ile imbwa yako." Imbwa iliyoshinda kwenye kamba siku nzima! Hakuna aliyeuliza. Nami nilikuwa pale, kinywa kimefungwa. Ninajichukia.

Sasa papa ameagiza tapi nyingine, nyeupe vilevile, manyoya marefu vilevile. Lakini ameapa kwamba haitapigiliwa misumari kama Bobi hajatoka. Rafiki yake wa Misisi anakuja na pikipiki siku ya posho, yaani Jumamosi, kumchukua, akalinde shimo lake la dhahabu. Imbwa za yule mtu nimeziona: mbavu tupu, na vidonda vya kamba shingoni, nzi wamejaa. Bobi nilimlea mimi, toka macho yake hayajafunguka.

Nilijaribu kwa mama. Nikamwambia polepole afadhali ile tapi ya manyoya mafupi, tuikate vipande, kila ngazi na chake, niwe ninavitoa na kuvifua mwenyewe. Nikaongeza kwamba tumuwekee koko ndoo chumbani. "Ndoo ya nini tena?" akaniuliza. Nikaokota vyombo, nikaenda kuviosha.

Nikisema kweli, papa hajui kusema chini. Majirani watasikia, bamama ba kanisa watasikia, na koko hataweza tena kukaa na wenzake. Nikinyamaza, Bobi anaenda kuoza Misisi. Jana nilipata nguvu kidogo, nikamuuliza koko mwenyewe: "Bobi akiisha kwenda, tapi mupya ikilowana, utasema ni nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Si kuko paka?"

Ninyi munaosoma hapa, mungekuwa mimi, mungesema ao mungenyamaza? Naomba munijibu mbele ya siku ya posho.