Nilimwacha Mapendo kijani

Kosa ni langu. Nalitaja mapema ili usisome ukidhani huko mbele atajitokeza mtu mwingine wa kulibeba. Hakuna! Ni mimi peke yangu.

Ninafanya kazi katika shirika moja hapa Bunia. Jina lake silitaji, langu pia. Kwa miaka minne nilikaa mapokezi, na kazi yangu kubwa ilikuwa ubao. Si ubao wa chaki. Ni ukurasa unaoufungua kwenye mtandao, una majina yetu yote, na kila jina lina duara pembeni. Duara likiwa la kijani, mtu yuko ofisini. Likiwa jekundu, ametoka, na pembeni imeandikwa ameenda wapi na atarudi saa ngapi. Wakubwa walioko Kinshasa wanauona ubao huohuo, na mlinzi wa getini pia.

Mimi ndiye niliyebadilisha rangi. Mtu akitoka ananiambia, nabonyeza. Akirudi, nabonyeza. Kazi ya mtoto wa shule, utasema. Basi subiri.

Niseme pia nilivyokuwa naishi, maana kosa langu lilianzia huko. Mke wangu alirudi Butembo na watoto, akasema atakuja mambo yakitulia. Yametulia mara nyingi tu, hajaja. Nilikuwa na chumba kimoja, sufuria mbili na redio. Jumapili baada ya misa nilifungua ule ubao kwenye simu nikayatazama majina ya wenzangu. Siku hiyo yote huwa mekundu. Niliyasoma hata hivyo, kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Unacheka? Cheka, mimi mwenyewe naona haya.

Sasa, ofisini kwetu kulikuwa na desturi. Ukiandika kwamba unakwenda matanga, afisa wa usalama atauliza matanga ya nani, upande gani, barabara ipi, na mwishowe atakukatalia. Kwa hiyo watu hawakuandika. Walipita mezani kwangu, wakaegemea kidogo, wakasema, "Kaka, uniache vert." Yaani niwaache kijani, kana kwamba wapo ndani. Nami niliwaacha. Mmoja kwa kinyozi, mwingine hospitali, mwingine kwa shemeji yake.

Sikudai kitu. Nilichopata ni kwamba walisimama! Waliuliza nimelala vipi, waliniletea hindi la kuchoma, waliniita kaka. Kabla ya hapo walikuwa wananipita kama wanavyopita kiti. Kwa ajili ya salamu za asubuhi nikawa mwongo wa ofisi nzima.

Aliyesimama muda mrefu kuliko wote ni Mapendo, sekretari wetu. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu kijijini, juu kule njia ya Djugu, na shirika lilikuwa limetukataza njia ile bila ruhusa ya maandishi. Mapendo aliomba ruhusa mara mbili, akanyimwa mara mbili. Basi kila Jumanne alipanda moto, yaani pikipiki, saa nne, akampelekea mama yake dawa na unga, na saa kumi alikuwa amerudi na vumbi kwenye nyusi. Mimi nikamwacha kijani. Miezi saba! Akirudi alikaa nami kidogo kunisimulia mama yake alivyomgombeza. Nilikuwa naingoja Jumanne kuliko Jumapili.

Wakati huo kulikuwa na amani, ile tunayoijua sisi wa huku. Watu wanalima, lakini jembe likigonga jiwe kwa nguvu wote wanainua kichwa.

Jumanne moja, kama saa sita mchana, habari zikafika kwamba kumeharibika juu kule. Vijiji vinahama. Mtandao wa simu upande ule ukakatika, kama unavyokatika siku zote mambo yakichacha. Afisa wa usalama, mzee mmoja mpole anayetembea na daftari, akasema gari litoke sasa hivi likachukue kila mfanyakazi aliye nje. Akaja mezani kwangu, akageuza kioo cha kompyuta upande wake, akahesabu maduara mekundu.

"Inje iko batu wawili tu," akasema. "Ni vile?"

Wawili hao walikuwa kwenye kisima cha karibu, huku chini. Mapendo alikuwa mbele zaidi, na duara lake lilikuwa la kijani kama jani la sombe.

Ndugu yangu, nilikuwa na nafasi. Mzee aliniangalia usoni, hakuwa na haraka. Nikawaza miezi saba ya uongo itafunguliwa hapa mezani. Nikawaza nitafukuzwa, nirudi Butembo mikono mitupu kwa mke asiyenitaka. Nikajidanganya kwamba Mapendo ni mjanja, ameshapanda moto, saa kumi atakuwa mbele yangu.

"Ni vile," nikasema.

Maneno mawili! Gari likatoka, likachukua wale wawili, likarudi. Mzee akafunga daftari lake. Saa kumi ikafika, Mapendo hakuja. Saa kumi na moja nikajibonyeza nyekundu, nikaenda nyumbani. Ndiyo, nilikwenda nyumbani! Hata wakati ule ningeweza kurudi nikasema. Nilichemsha chai, ikapoa, sikuinywa.

Jumatano nilimwandikia ubaoni kwamba ni mgonjwa. Alhamisi mchana akaingia getini kwa miguu, kanga ikiwa na tope mpaka kiunoni, amemshika mama yake mkono.

Yaliyompata niliyasikia baadaye kwa wengine, maana mimi hakunisimulia. Watu wa kijiji walipoanza kuondoka, jirani mmoja mwenye moto alitaka kumbeba yule mama. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mapendo akamshukuru akamwambia abebe mwingine. Akasema ofisi yao ina gari, likitokea jambo linatumwa, na kuna kaka yake pale mapokezi anayejua yuko wapi. Wakakaa kwenye baraza ya kanisa wakingoja. Kijiji kikaisha, wao wanatazama barabara. Kisha wakatembea siku mbili porini, mvua inanyesha, na mama mwenye miguu ile!

Mama alilazwa kwa ajili ya kifua. Siku ya tisa akafa.

Ofisini walichunguza. Wakaona Mapendo alivunja amri na kutoka bila kuaga. Mimi waliniuliza kama aliniambia anatoka. Nikasema hapana. Basi wakaandika barua ya kumwachisha kazi, na kwa kuwa niko mapokezi, mimi ndiye niliyeitoa kwenye mashine, ingali na joto, nikampa asaini.

Aliisoma yote. Kisha akauliza taratibu, "Kaka, ile siku ulibaambia?"

Nikaangalia kalamu. Angeweza kunitaja, mlango wa shefu, mkuu wetu, ulikuwa hatua tano. Hakunitaja. Alisaini, akaniachia nakala, akasema, "Mama alikuwa anakuombea. Kila jioni." Akatoka.

Alasiri niliagizwa kulifuta jina lake. Nilibonyeza, na majina ya chini yakapanda juu kuziba nafasi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Tangu hapo kila mtu anajibonyeza mwenyewe. Mimi nikahamishiwa chumba cha makaratasi, nyuma ya stoo. Hakuna anayehitaji niseme uongo, kwa hiyo hakuna anayesimama. Mapendo nimekutana naye sokoni mara mbili, anauza samaki wa kukausha wa Mahagi-Port. Anasalimia watu wote walio kando yangu.

Mwezi uliopita malaria ilinishika. Jumatano nilitoka ofisini natetemeka, nikasahau kujibonyeza nyekundu. Alhamisi na Ijumaa sikuweza kusimama, simu ikazima, umeme hakuna. Nilisikiliza mlango. Kila hatua uani nilidhani ni mtu wa ofisini amekuja kuniangalia. Jumatatu nilijikokota mpaka kazini, nimekonda, midomo imepasuka. Shefu akanisalimia vizuri tu. Nikamwambia nilikuwa mgonjwa, karibu nife.

"Weye?" akashangaa. "Niliona uko vert. Nikasema iko tu nyuma kule."

Nilikwenda kwenye chumba changu cha makaratasi nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Siku nne mimi nilikuwa kitandani nikingoja hatua uani. Mapendo alikuwa amengoja gari, na mama yake amemwegemea begani.

Wewe unayesoma, labda mezani kwako kuna daftari la mahudhurio, au orodha ya wanafunzi, au ubao kama wetu. Mwenzako akikuomba umwandike yupo wakati hayupo, utaona ni wema. Utapenda anavyokuchekea. Mkatalie! Akununie, apite bila salamu, ule peke yako. Na kama ulishamwandika na siku mbaya ikafika, sema kabla gari halijatoka, hata kama kazi itakwenda.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Hii yenu haina jina langu. Ile nyingine imo kwenye bahasha mfukoni mwangu, ina jina langu lote na la Mapendo, na shefu anafika saa mbili. Leo asubuhi nimejibonyeza nyekundu. Pale pa kuandika unakokwenda nimeandika: kwa shefu. Pa saa ya kurudi nimepaacha wazi.