Nyigu wa Barazani na Shu za Bula Matari

Nikisikia harufu ya jani la mchikichi linaloungua, uso huniwaka kwa haya. Nikiri mwenyewe, msomaji wangu, kabla watu wa kwetu hawajanisengenya: mimi ndiye niliyechoma kiota cha nyigu barazani kwa mama. Tena chini ya paa la nyasi! Akili zangu unaziona.

Wakati ule Bula Matari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, alikuwa amegawa miche ya shu, zile kabichi, kwa kila nyumba ya kijiji chetu upande wa Lusangi. Mzungu wa kilimo angerudi kuzikagua. Shu zikiharibika, mwenye kosa angelala boloko, yaani gerezani, kule Kasongo. Mama alizipanda nyuma ya jiko, akazitunza kama kitoto kichanga.

Mimi nilikuwa msichana wa kukaa nyumbani. Hata leo sokoni naenda kwa kusukumwa. Masista shuleni walitufundisha kwamba nyumba safi haina mdudu. Basi, nyigu wale wembamba, ambao mama aliinama kuwapisha kila asubuhi, niliwamaliza kwa mwenge mmoja wa jani la mchikichi, nikangoja sifa.

Mama aliangalia juu, akasema tu, "Mungu wangu, mutoto huyu," akaenda mbio kwenye shu zake.

Sikuelewa. Wiki haikuisha, viwavi wa kijani wakajaa. Kumbe nyigu ndio waliokuwa wakiwakamata, wakiwatafuna na kuwabeba vipande vipande kulisha watoto wao. Sasa kazi ile ikawa ya vidole vyangu. Tangu umande haujakauka niliokota, nikaponda, nikageuza jani. Chini yake, wengine. Naapa niliwasikia wakitafuna. Baba alipita nyuma yangu, akasimama kidogo, akaenda zake. Heri angenichapa.

Mzungu akaja. Aliinua jani moja kwa ncha ya fimbo yake. Lilikuwa limetoboka kama chekeche. Kapita, msimamizi aliyefuatana naye, akatafsiri:

"Anauliza, nani aliharibu hii?"

Nikafungua kinywa. Baba akanitangulia.

"Njo mimi niliharibu, bwana. Ni uvivu wangu."

Akakunja mkeka wake, akatangulia mbele ya askari aliyekuja na mzungu, kwenye njia ya Kasongo. Siku saba.

Miaka mingi nilidhani baba hakujua kisa cha nyigu. Mpaka nilipozaa wangu ndipo nikafahamu: alijua tangu mwanzo, na alichagua boloko ili kapita asinigeukie mimi.

Lakini siku ile sikufahamu kitu. Nilikimbilia kwa jirani yetu, Mama Zaina, nikamweleza yote kwa kilio, nikitumaini atanibembeleza. Aliacha kutwanga, akaegemea mchi wake, akanipima toka miguuni hadi kichwani.

"Mimi ningekuwa mama yako," akasema, "ningechoma weye, nikaachia nyigu nyumba."