Mlango wa Kibuyu cha Hajira

Mwanaidi wa Chanika alikuwa na ulimi mkali, na watu wa Handeni walimvumilia kwa sababu ya mikono yake. Ungempelekea kibuyu kikavu, kimekwanguliwa vizuri, akakipakata kama mtoto, akashika kisu chake kidogo chenye ncha, akaanza kuchora. Mistari midogo midogo, mmoja ubavuni mwa mwingine, inapanda, inashuka, inalizunguka tumbo la kibuyu mpaka inarudi ilikoanzia. Kisha anasugua masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, anafuta kwa kitambaa, mchoro unatokea mweusi. Na ukimuuliza maana ya mchoro ule ni nini, anakukata jicho. "Maana yake umekaa kitako ukatulia. Hiyo haikutoshi?"

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri wanawake watano sita walikusanyika kibarazani kwake, kila mmoja na kibuyu chake. Baadhi walikuwa wenzake wa siku nyingi, wengine wanafunzi tu, kama mkwe wake Amne, aliyekuwa na haraka ya kumaliza kuliko hamu ya kuchora. "Mstari mmoja, pumzi moja," Mwanaidi alimfokea. "Unakimbizwa na nani?" Hakuna aliyeruhusiwa kupiga soga kisu kikiwa mkononi. Saa nzima usingesikia kitu ila visu vikikwaruza, na mtu aliyekuja na mambo yake kifuani, mume mkorofi au mtoto mgonjwa, aliondoka kwake amepumua. Wakimaliza walipokezana vibuyu, wakatazamana kazi, wakachekana sana.

Sasa wanawake hawa walikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Aliyeanza kibuyu hakimalizi. Anaacha mahali patupu, pana kama kiganja, wenyewe wanapaita mlango. Anampa mwenzake, na mwenzake ndiye anayeujaza mlango kwa mistari ya kwake. Mtu haujazi mlango wake mwenyewe hata siku moja, isipokuwa yule mwenzake akifa. Hapo, siku ya arobaini, anakaa peke yake akaujaza, na kibuyu kinakwenda kuwekwa kaburini.

Mwenzake Mwanaidi alikuwa Hajira, mke wa Mbaruku, aliyeolewa Korogwe. Walianza kuchora pamoja wakiwa wasichana, na ndoa haikuwatenganisha. Ulikuwa mwaka wao wa ishirini na mbili, vibuyu vikienda na kurudi kwa mikono ya watu wa gulioni. Mwezi wa sita Mwanaidi alimpelekea kimoja kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuchora, mlango wake wazi, akakaa akisubiri kukiona kikirudi.

Kikachelewa. Mwezi wa saba ukapita. Mwezi wa nane zikaja habari za vita kule kusini, kwamba watu wamewainukia Wadachi, wamepewa maji ya dawa ya kugeuza risasi, na maji hayo yanasafiri kijiji hata kijiji ndani ya vibuyu. Handeni hapakuwa na vita, lakini hofu ilikuwepo tele, na iliwakaa vibaya zaidi wale wenye bunduki.

Jumatatu moja adhuhuri Mbaruku akatokea Chanika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikataa maji, alikataa kukaa.

"Shemeji, wamemkamata Hajira."

"Nani? Kwa lipi?"

"Kwa kibuyu chako."

Akaeleza akiwa amesimama vile vile. Jumatano iliyopita Hajira alikwenda na kibuyu kile kwenye stesheni ya Korogwe, amekitia maji ya kunywa, anakwenda kumsubiri dada yake aliyekuwa anakuja na gari la moshi kutoka Mnyuzi. Askari wakakiona. Wakamwaga maji chini, wakaruka nyuma kana kwamba yatawaunguza, wakampeleka kwa akida. Na akida, mtu wa pwani aliyetaka sana kusifiwa na wakubwa, akakizungusha kibuyu akasema hii ni barua. Mistari ni maneno, na pale patupu ndipo itakapoandikwa siku ya vita. Kakifungia kabatini, hataki kiguswe, anamsubiri Mdachi anayepita Jumatano. Alhamisi gari la moshi litamchukua Hajira mpaka Tanga.

"Na Tanga?" Mwanaidi akauliza.

"Wanasema wa vibuyu wananyongwa."

Mwanaidi alishika nguzo ya baraza. "Hajira amesema kimechorwa na nani?"

"Amesema amechora mwenyewe. Wamempiga, hakubadilisha." Mbaruku aliinamisha kichwa. "Hajui kama nimekuja huku. Angejua angenizuia."

Nyuma ya nyumba kukasikika kitu kinapasuka. Mwanaidi akakimbia, akamkuta Amne ameshika mchi, amekwisha kuvunja vibuyu viwili na anauinua kwa cha tatu. "Acha! Umerukwa na akili?"

"Mama, watakuja na huku! Tuvichome vyote leo!"

Na mimi simlaumu Amne. Mwanaidi mwenyewe, nusu ya moyo wake ilitaka kumwachia mchi aendelee. Kwa nini asinyamaze? Jina lake halikutajwa. Hajira kamficha kwa mgongo wake, na nani angejua? Alikaa chini kati ya vile vigae vya vibuyu mpaka jua likapinda, anajiuliza swali hilo hilo, na kila alipojijibu alijichukia. Alfajiri ya Jumanne akajifunga kaniki, akamwambia Amne asiguse tena kitu, akamfuata Mbaruku.

Njia ya Korogwe ni ya siku mbili. Alimwambia Mbaruku goti linauma. Uongo, goti lilikuwa zima. Alitaka wachelewe. Akikumbuka Alhamisi anaongeza mwendo mpaka Mbaruku anaachwa nyuma, halafu akiikumbuka kamba anapunguza. Njiani walikutana na watu wanarudi gulioni, na kila mwenye kibuyu alikuwa amekifunika kwa nguo. Mama mmoja, hata salamu hakumaliza, alisema, "Mnakwenda Korogwe? Haya, Mungu awatangulie," akaharakisha kupita.

Walifika Jumatano alasiri. Mdachi alikuwa amekwisha kufika, amekaa barazani kwa akida, buti zimenyooshwa, uso mwekundu kwa jua na umeumwa na mbu. Pembeni yake alisimama mkalimani, Isaka, Mshambaa wa misheni mwenye shati jeupe. Kibuyu kilikuwa mezani. Mwanaidi akapanda barazani.

"Shikamooni," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Mimi ni Mwanaidi wa Handeni. Hicho nimechora mimi. Huyo mliyemshika hana kosa."

Isaka akageuza maneno. Mdachi akainua kichwa, akaamuru Hajira aletwe.

Lo! Mwanaidi nusura asimtambue. Siku nane tu, na mtu amekuwa mifupa. Mikono imefungwa mbele kwa kamba, viganja vimevimba, nguo ya mgongoni imegandamana na ngozi. Hajira alipomwona alitikisa kichwa mara moja, kwa hasira kabisa, kumwambia umefuata nini huku, mjinga wewe.

"Bwana anauliza," alisema Isaka, "kibuyu kinasema nini?"

"Hakisemi kitu."

"Anauliza, kama hakisemi kitu, kwa nini umeacha hapa patupu?"

"Ni mlango. Ninaacha mimi, anajaza mwenzangu. Ndiyo desturi yetu. Mfungueni mikono mumpe kisu, ataujaza sasa hivi mtaona."

Akida aliruka kitini. "Bwana amesikia? Mmoja anaandika, mwingine anajua jibu! Huyo ndiye mwenye siku ya vita!"

Mdachi akapiga meza, akasema neno fupi. Isaka alisita kabla ya kuligeuza. "Anasema, huyu hatagusa. Aliyeacha pengo ndiye atakayelijaza. Sasa, mbele yake. Ukikataa, basi akida amesema kweli, na nyote wawili mnakwenda Tanga kesho."

Mwanaidi akamgeukia Isaka. "Siwezi," alisema. "Baba, mwambie siwezi. Mlango uliomwachia mwenzako unaujaza mwenyewe akiwa amekufa. Huyu yuko hai. Huyu hapa amesimama!"

Isaka alimtazama, akamtazama Mdachi, akaamua kutoyapeleka maneno hayo. Akainama kana kwamba anakisogeza kibuyu. "Chora, mama," alisema taratibu. "Bwana huyu ana njaa, anataka kwenda kula. Chora upesi."

Wakampa kisu. Mwanaidi akakaa sakafuni, akapakata kibuyu. Akamtafuta Hajira kwa macho, na Hajira akayafumba yake. Basi akaweka ncha. Mstari wa kwanza ukatoka umepinda, wa pili ukapinda, wa tatu akaukata kabla haujafika. Hapakuwa na pumzi. Miaka ishirini na mbili anawafokea wengine juu ya pumzi, na leo yake haipatikani. Machozi yalimdondoka kwenye kibuyu akayafuta kwa kiwiko. Aliwaza, nikiujaza nimemzika, nisipoujaza wanamnyonga. Akarudia kuwaza hivyo hivyo kwa kila mstari, na mistari ikawa inaongezeka, na mahali patupu pakawa panapungua, kiganja, vidole viwili, kidole kimoja. Askari mlangoni alisinzia. Mdachi alitoa saa mfukoni, akairudisha, akaitoa tena. Mstari wa mwisho Mwanaidi aliuvuta amefunga meno, na ukaisha.

Mdachi akakizungusha kibuyu mara mbili mkononi. Akacheka. Akamwambia akida jambo, na uso wa akida ukashuka.

"Bwana anasema ni upuuzi wa wanawake wasio na kazi," alisema Isaka. "Nendeni zenu wote wawili. Kibuyu anakichukua. Lakini tangu leo kibuyu au kitu chochote kikionekana na mchoro wenye pengo, hiyo ni barua ya vita. Mwenye nayo atakula viboko hamsa ishirini, kisha Tanga."

Wakafungua kamba. Hajira akatembea mpaka nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe, Mbaruku upande huu, Mwanaidi upande ule. Alikandwa mgongo kwa maji ya moto, akanywa uji, akalala. Kulipokucha akaamka, akamjibu mumewe, akawajibu majirani waliokuja kumpa pole. Mwanaidi alipompa pole, aligeuza uso. Ikamuuma Mwanaidi kuliko angepigwa yeye. Akafunga kitambaa chake, akaaga. Hajira akainuka, akajifunika, akamfuata kumsindikiza, kimya vile vile.

Wakafika kivukoni. Mtumbwi ulikuwa ng'ambo. Juu ya ukingo walikaa askari wawili wakikagua mizigo ya watu, na mmoja alikuwa anamwamuru mama mmoja afunue kibuyu chake cha asali. Mwanaidi akatazama chini. Hakuweza kuvumilia zaidi.

"Nitukane basi," alisema. "Nimekosa. Nimekuzika ungali hai, najua. Ningefanyaje, Hajira? Ningefanyaje?"

Hajira akakaa kwenye mchanga, polepole kwa ajili ya mgongo. "Ulijaza vibaya," alisema.

"Nini?"

"Mistari imepinda yote. Kama ya Amne." Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Siku nane niliujaza mlango ule, Mwanaidi. Kichwani. Wakinipiga, nipo kwenye mstari. Nikisikia wanataja kamba, nipo kwenye mstari. Mmoja, pumzi moja. Nilijua nikimaliza nitaanza kulia, basi sikumaliza. Halafu ukaja ukaujaza wewe, mbele ya macho yangu, kwa mistari kama ya kuku anayechakura. Nilitaka kukupiga."

Akanyoosha mkono uliovimba. Vidole havikukunjika vizuri, akatumia kile cha kati, akaanza kuchora mchangani. Mwanaidi akaona mlango ule unajazwa jinsi ulivyostahili kujazwa, mistari inapanda imelala, inageuka, inakutana na mingine ambayo hata yeye hakuwa ameiona inakuja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Alilia bila kujificha. Na katikati kabisa Hajira akaacha mahali patupu, akatoa kidole.

"Haya," alisema. "Jana umenizika. Leo nifukue."

Mwanaidi akageuka nyuma. Askari mmoja alikuwa amesimama, anajipangusa mchanga matakoni, anatazama wanawake wawili wanafanya nini pale chini. Akaanza kuteremka ukingo.

"Hajira, anakuja. Tufute. Hajira, watatuua kweli!"

Hajira hakugeuka hata kutazama. Mwanaidi akapiga magoti, akatia kidole kwenye mchanga, akavuta mistari mitatu minne ya mbio mbio ili mradi pajae, viatu vya askari anavisikia vikikanyaga kokoto. Hajira akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vibovu, akaifuta ile mistari yote, akapaacha patupu tena.

"Mstari mmoja, pumzi moja," alisema. "Unakimbizwa na nani?"

Mwanaidi akavuta pumzi, akaanza upya.