Maswali Tisa Mbele ya Mama

Kabla mhudumu wa afya ya jamii hajafika nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kosele, nilikuwa nimetafuta mtu wa kuzungumza naye kwa miezi mitatu. Nasema kutafuta, lakini sehemu kubwa ya miezi hiyo niliimaliza nikiandika ujumbe na kuufuta. Nina shahada ya takwimu na sina kazi. Barua ya kuomba kazi naisoma mara ishirini, nahamisha koma, naihofia, kisha siku ya mwisho inapita. Usingizi ulikuwa umenikimbia. Kulikuwa na asubuhi nilizojuta kuamka, na hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Kisumu nilipigia simu kliniki ya ushauri nasaha, nikatajiwa bei ya kikao kimoja, nikashukuru kwa adabu na kukata. Migori nilikwenda kliniki mwenyewe. Dada wa mapokezi alinieleza kwamba tathmini kamili ni ziara tatu, na kila ziara ingemeza anachopata mama kwa siku nne za kuuza maharagwe sokoni. Labda uso wangu ulisema kitu, kwa sababu aliinama akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia.

"Na kituo chenu cha afya? Kuna mshauri nasaha hufika huko kila Jumanne. Hutalipa kitu. Lakini anaona tu wale wameandikwa na mhudumu wa kijiji."

Nilikuwa nimesafiri hadi Migori ili nielekezwe nyumbani. Njia nzima ya kurudi nilijilaumu kwa kutojua.

Mhudumu wa kijiji chetu anaimba kwaya moja na mama. Nilimwandikia ujumbe, nikautuma macho yakiwa yamefumbwa. Alikuja Alhamisi asubuhi, simu ya kazi mkononi. Nilidhani tutakaa wawili tu. Lakini kwetu mgeni hapelekwi pembeni kuzungumza. Huketishwa sebuleni na watu wa nyumba wakakaa naye. Mama alileta chai na sinia ya njugu za kuchemsha, akavuta kiti, akaanza kumenya.

"Ni maswali tisa tu ya afya," mhudumu alimwambia, kisha akanigeukia. "Kwa wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi? Sema: 'hata kidogo', 'siku kadhaa', au 'karibu kila siku'."

"Huyu?" mama akacheka. "Huyu hulala kama gunia la mahindi. Mimi ndiye namwamsha."

"Hujaulizwa wewe, nyamera," mhudumu akasema, akimwita dada kwa Kijaluo.

"Haya, aseme mwenyewe."

"Hata kidogo," nikasema.

Baada ya hapo sikuona pa kugeukia. Kila jibu nililipima kabla ya kulitoa: hili litamtisha, hili atalipeleka kwenye maombi, hili atajilaumu kwa kuuza ng'ombe ili nisome. Hamu ya kula? Hata kidogo. Kujiona umeshindwa? Hata kidogo. La tisa lilihusu kuwaza kwamba ni afadhali ufe. Mhudumu alilisoma polepole. Vidole vya mama vilisimama juu ya ganda la njugu.

"Hata kidogo."

Vidole vikaendelea.

"Sufuri," mhudumu akasema. "Graduate wetu yuko sawa kabisa."

Mama alimfungia njugu kwenye gazeti, akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda. Nilikuwa nimepata alama safi ya mtihani, na kwa alama hiyo hakuna anayeandikwa kwa Jumanne.

Mgeni husindikizwa. Nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa nimebaki nayo. Kwa kawaida tunaagana mwisho wa ua wa minyaa, lakini ua uliisha na mimi nikaendelea kutembea, nikipanga sentensi na kuipangua. Tulipita shamba la jirani. Tulipita kisima.

"Sasa unanipeleka mpaka kwa bwanangu?" akauliza. "Atasema nimeoa, mimi mwanamke."

Nikasimama. "Anti, naomba turudie yale maswali."

Alinitazama. Hakuuliza kwa nini. "Ile fomu nimeshatuma, nyathina, mwanangu. Tutaanza mpya." Akakalia jiwe kando ya njia, akaniachia nafasi. Tulianza tena kutoka usingizi. Boda boda ilipopita, aliificha simu kifuani na kumsalimia dereva kana kwamba tunapumzika tu. Tulipofika la tisa alishusha simu magotini, akanisubiri.

"Siku kadhaa," nikasema.

"Umepanga kujifanyia kitu?"

"Hapana. Nachoka tu."

Aliandika. "Jumanne saa mbili. Tutaenda pamoja. Lakini hiyo ya mwisho siwezi kukuachia ulale nayo peke yako. Lazima mama ajue, leo."

Nilijua ana haki, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Aliinuka, akakung'uta sketi, akaanza kurudi nami tulikotoka. Mama alikuwa bado nje anakusanya maganda. Alipomwona, akasimama.

"Nyamera, umesahau nini?"

"Hatukumaliza," mhudumu akajibu. "Keti kwanza."

Mama hakuketi. Alinitazama mimi, maganda yakiwa mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikutafuta jibu zuri.