Viatu Kando ya Picha

Jumamosi moja nilimpeleka mama kwenye jumba la sanaa hapa London, kutazama picha za wenyeji asilia wa Australia. Picha moja ilitandazwa sakafuni, nukta nyekundu na nyeupe, kama mchanga unaopumua. Mama akavua viatu, akaketi kando yake kama anavyoketi mkekani kwetu Pemba.

Niliona haya. "Mama, hebu inuka, watu wanatutazama."

Mlinzi naye akawa anakuja. Mchoraji mwenyewe, bibi mwenye mvi aliyesafiri na picha yake, akamzuia kwa mkono, akavua viatu na kuketi na mama. Kwao, aliniambia kwa Kiingereza, picha huchorwa watu wameketi chini. Kisha wakatulia, hawana lugha moja, kama wanaosikiliza mvua ya mbali.

Mimi nilibaki nimesimama, viatu vinanibana.