Mtoto Wako Hakai

Walioninyima shule nawajua. Majina nayaacha, wenyewe watajijua. Wa kwanza ni mwalimu wangu wa darasa la tatu, siku hizi mstaafu mwenye mikorosho yake Lukuledi. Alinichapa eti situlii, nami nikazidi kutotulia, maana nani angekalia makalio yale? Wa pili ni mjomba. Alinipeleka Newala kwa mganga nitolewe shetani wa kurukaruka. Mganga akatuweka mkekani, mimi na jogoo, akasema tukae kimya. Jogoo alikaa. Mimi nikatorokea dirishani, na shule sikurudi tena.

Juzijuzi akaniita mwalimu wa binti yangu wa darasa la kwanza, hapa Lisekese. Ni kijana aliyeletwa kutoka Mwanza. Akanipa shikamoo, kisha habari mbaya.

"Mtoto wako hakai, baba. Anajibu kabla sijauliza. Anahama madawati kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kama hakuna dawa, abaki nyumbani."

Makalio yakaniwasha upya. Nikaapa: huyu haishii nilipoishia mimi.

Tukampeleka hospitali Masasi mjini, mimi na mama yake. Daktari, mama mtu mzima, akaanza kuuliza.

"Anapoteza vitu?"

"Nani, mtoto au huyu?" mke wangu akasema. "Maana huyu alikwenda Chiungutwa na baiskeli, akarudi kwa miguu. Halafu ananiuliza mimi baiskeli iko wapi!"

"Anawakatiza watu waki..."

"Hapana," nikadakia.

Daktari akanitazama, akacheka mpaka akavua miwani. "Si utundu huu, baba, wala si malezi, wala si shetani. Ubongo wake umekua hivyo, na mara nyingi hali hii hutembea kwenye ukoo. Akae mbele, mbali na dirisha. Aelekezwe jambo moja moja. Apewe kazi za kumwinua kitini: afute ubao, agawe madaftari."

Miaka yote hiyo namlaani shetani, kumbe hata hakuwahi kufika.

Tulipompelekea maagizo ya daktari, mwalimu alisikiliza, akatikisa kichwa. "Darasa limejaa hadi mlangoni. Nani atamsimamia?"

"Mimi."

Kesho yake nikakaa na binti yangu benchi la mbele. Kipindi cha kwanza hakijaisha, nilishakwenda dirishani kuangalia pikipiki ya nani, nilishamsimulia jirani habari za mganga, na nilishajibu hesabu ambayo sikuulizwa, tena nikakosa. Binti yangu alishafuta ubao, alishagawa madaftari, sasa amekaa anaandika, ulimi nje.

"Baba, kaa!" akaninong'oneza.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Mtoto abaki," akasema. "Lakini wewe, mzee wangu, nakuomba sana, kesho usije."

Sikubisha. Nilishafika mlangoni.