Kizingiti cha Chuma Baridi

Pap. Pap-pap. Kimya. Kisha pap nyingine, kama mtu anayezuia kikohozi msikitini. Niliisikia nikiwa bado kwenye ujia kati ya nyumba, nimekumbatia kurasa za riwaya yangu nilizotoka kuzichapisha Wandegeya. Ukuta wetu sikuwa nimeuona, wala mwanga wa buluu. Lakini nilijua tayari kwamba baba amenunua mashine ya kuchomelea, na kwamba mashine haichomi.

Mimi nililelewa na sauti nyingine. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya jeshi, na alipostaafu alikuja Bwaise, bondeni, na Kiswahili chake cha kambini na transfoma ya kuchomelea aliyoisuka mwenyewe kwa waya wa shaba. Chuma kikichomwa sawasawa hulia kama mandazi yakitiwa kwenye mafuta ya moto, sauti moja nene isiyokatika. Mama alisema akiwa jikoni aliweza kujua, kwa sauti hiyo tu, mume wa namna gani ataingia kula.

Mafuriko yaliyotangulia yaliizamisha transfoma ile, pamoja na godoro na picha za harusi. Mama alifagia tope siku tatu. Siku ya tatu aliegemeza ufagio ukutani na kusema, "Maji yakiingia humu tena, mimi siko." Hakupaza sauti. Ndiyo maana tuliogopa.

Baba alianza na umeme. Aling'oa soketi zote za chini, akapitisha waya mmoja mrefu juu ya boriti, na ziada yake akaizungusha kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Kila mtu bondeni hufanya hivyo. Ukishaona maji yakigusa soketi mara moja, maisha yako yote unapandisha vitu juu.

Kisha akaja kwenye kizingiti. Majirani hujenga cha matofali, lakini chetu cha matofali kilikuwa kimeliwa na maji mara mbili. Baba alitaka bamba la chuma, lifike magotini, lichomelewe kwa nje kwenye fremu ya mlango. Kwa kazi hiyo alikwenda sokoni Nakivubo akarudi na mashine ndogo ya MIG, ile ambayo waya hutoka wenyewe mdomoni, una dawa ndani yake, hauhitaji mtungi wa gesi.

"Mwandishi, njoo ushike tochi," aliniita. "Au kwenye riwaya yako kuna mtu anajua kuchomelea?"

"Yuko mmoja, baba. Lakini amekufa."

"Basi tuko sawa naye."

Mshono ulikuwa umelala juu ya bamba kama kiwavi juu ya jani. Baba aliugonga kwa nyundo, mara moja, bila nguvu. Ukadondoka mzima.

"Baridi," alisema. "Haukuingia ndani ya chuma."

Tulipandisha moto hadi kitufe kikagoma. Tulipunguza mwendo wa waya, kwa sababu waya ukikimbia kuliko moto hujikunja tu juu ya chuma. Tulisugua kutu hadi bamba likang'aa kama sahani, tukahamisha klempu ya ardhi, ile inayorudisha umeme mashineni, mahali penye chuma kitupu. Tulibadilisha hata nyaya za chanya na hasi, maana mkono wa baba ulikuwa umeziunga kama alivyozoea kwa fimbo za kuchomelea, na waya huu wa dawa unataka kinyume chake. Hapo sauti ilitulia kidogo, nikatabasamu nyuma ya tochi. Kisha ikarudi: pap. Pap-pap.

"Kuna kitu kinanuka," mama alisema kutoka jikoni. "Kama mpira."

"Ni jirani anachoma takataka," baba alijibu bila kuinua kinyago.

Bwaise kila siku kuna mtu anachoma kitu. Mimi pia sikugeuka.

Tukairudisha mashine Nakivubo. Muuzaji aliichomeka ukutani, akachukua vipande viwili vya chuma, na mandazi yakaingia mafutani. Nyundo haikuweza kuvitenganisha.

"Ssebo, mzee wangu, mashine ni mzima kabisa," alisema. "Labda mkono ndiyo ya zamani."

Wateja walicheka. Baba, ambaye kambini vijana walisimama alipopita, aliibeba mashine kifuani na kutoka. Nyumbani aliiweka chini mbele ya mama, aliyekuwa akichambua maharage.

"Kule inachoma. Hapa inakataa. Inaogopa nyumba yangu."

"Si mashine peke yake, Afande," mama alisema.

Alicheka kidogo. Sisi tulicheka pamoja naye, kwa haraka, kama watu wanaofunika chungu.

Siku zilizofuata baba alirundika. Mshono baridi juu ya mshono baridi, hadi kona za fremu zikavimba kama vidole vya mgonjwa. Juu yake akapaka lami. Nilijua kwamba vitu kumi visivyoshika havifanyi kimoja kinachoshika. Sikumwambia. Nilimtazama akipaka lami kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto mafuta, nikanyamaza, na kimya hicho bado kinaniuma kuliko mengi niliyowahi kusema.

Mvua ilikuja alasiri. Mtaro ulijaa, ukatapika, maji ya kahawia yakapanda hadi kwenye kizingiti na kukiegemea. Tulisimama watatu ndani, tukitazama. Kwa muda kilishika. Mama alimshika baba mkono, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu utotoni.

Kisha tukasikia: pap. Pap-pap.

Kiliachia upande wa kushoto kwanza.

Baada ya siku mbili maji yalipungua, tukaanza kutoa tope. Niliushusha ule waya msumarini ili niufute, lakini haukukunjuka. Mizunguko yote ilikuwa imeyeyuka na kugandana. Katika nyumba ile, kitu pekee tulichokichomelea vizuri kilikuwa hicho. Mashine tulikuwa tumeichomeka kwenye waya wa taa na redio, mwembamba, mrefu, uliozungushwa mara ishirini: moto wetu ulikuwa ukiishia humo, juu ya kichwa cha mama, na mashine ikipata makombo. Tulikuwa tumeupandisha umeme tukiyakimbia maji, na kwa kuupandisha tukayafungulia mlango.

Nilimpa baba. Aliunusa.

"Mpira," alisema.

Mama alikuwa kitandani akikunja nguo. Alimsikia. Hakusema, "Niliwaambia."

Baba alifukua waya mnene wa transfoma yake iliyokufa, akaunga mashine karibu kabisa na mita, na kuliburuta lile bamba hadi pale, na kipande cha chuma cha kujaribia. Alishusha kinyago. Na sauti ikaja, nene, moja, isiyokatika, sauti ya miaka yangu yote ya utoto, ikajaza ua mzima. Aliugonga mshono kwa nyundo, akaugonga tena kwa nguvu zake zote. Ulishika.

"Sikia!" alimwita, bado amepiga magoti topeni. "Mama watoto, unasikia?"

Mama alitokea mlangoni na begi lake. Alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Nasikia. Ni sauti yake kabisa," alisema kwa upole. "Nakwenda Bombo kwa dada yangu. Kule ni juu."

"Kesho kitakuwa kimesimama. Kesho tu."

"Simamisha, Afande. Ni kazi nzuri."

Alinigusa shavu kwa mkono uliokuwa bado na tope kwenye kucha. Hakuwa na kizingiti cha kuruka. Alitoka, akageuka, akauvuta ule mlango wa chuma ambao baba alimtengenezea walipohamia, wenye mishono iliyochomwa hadi ndani, na ukafungika nyuma yake bila kutikisika.